Taa za Urembo Kwenye Gari la Kikundi: Fyuzi Kwanza, Urembo Baadaye



Msimu wa embe ukifika hapa Matiliku, gari la kikundi halina mapumziko. Mchana linabeba makreti kutoka mashambani. Jioni linashuka Emali, kwenye barabara kuu ya Mombasa, ambako wanunuzi wanangoja. Na usiku wa manane, pengine mtu anagonga dirisha la dereva: mama ameshikwa na uchungu, anatakiwa kufikishwa hospitali. Gari hilo si la dereva wala si la mwenyekiti. Ni jasho la mwethya, watu waliochanga kidogo kidogo kila wiki mpaka likapatikana.

Siku hizi vijana wetu wanapenda kulipamba. Wananunua ule mkanda wa taa ndogo ndogo za LED unaouzwa umeviringishwa, mara nyingi mita 5, na kuubandika chini ya dashibodi, kando ya viti, kwenye mlango, au kwenye ubavu wa bodaboda. Usiku gari linang'aa kama harusi. Hatukuja hapa kusema kwamba urembo ni dhambi. Gari likipendeza, abiria hulipanda kwa furaha, na taa ya mlangoni humsaidia nyanya kuona pa kukanyaga. Lakini liko jambo moja ambalo kila kikundi chenye gari, pikipiki au hata tuk-tuk lazima kilijue kabla fundi hajakata waya wa kwanza. Tutalieleza polepole, hata yule ambaye hajawahi kushika spana aelewe.

KISA CHA NJIANI

Mwandishi wa makala hii alikuwa ndani ya pikapu ya kikundi jioni moja, embe zimejaa nyuma, tukielekea Emali. Taa za bluu zilikuwa zimefungwa chini ya dashibodi wiki iliyotangulia. Kabla hatujafika, mama mmoja aliyekaa katikati akanusa.

"Dereva, ni nini inaungua?"

"Ni breki tu, mama."

Mzee aliyekuwa kando ya mlango akasema, "Breki hainuki hivi. Simama."

Dereva akasimama. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka chini ya usukani. Kwa bahati nzuri palikuwa na spana namba 10 ndani ya gari, na kijana mmoja alijua kufungua betri. Moshi ukakoma. Tukakaa gizani kando ya barabara, malori yakipita, mpaka tukapata wa kutuvuta. Tulipofika sokoni wanunuzi walikuwa wamekwisha kuondoka, na embe zikauzwa asubuhi kwa bei ya hasara.

Fundi wa umeme wa magari aliyelitazama gari hakuchukua hata dakika 10. Waya wa zile taa ulikuwa umetoka kwenye betri moja kwa moja, ukapita katika tundu la bati bila mpira wa kuukinga. Barabara yetu ni ya mitikisiko. Bati likautafuna ule mpira wa waya kidogo kidogo hadi shaba ikagusa bodi.

"Fyuzi iko wapi?" fundi akauliza.

"Fyuzi ya nini?" akajibu kijana aliyefunga. "Si ni taa ndogo tu?"

Hapo ndipo kosa lilipo, na ndiyo sababu ya makala hii. Taa ni ndogo, ndiyo. Lakini betri si ndogo.

LED NI KITU GANI?

Balbu ya zamani ina uzi ndani yake. Umeme unaupasha uzi moto mpaka uwake, na sehemu kubwa ya nguvu hupotea kama joto. Ndiyo maana ukiigusa balbu ya namna hiyo unaungua. LED haina uzi. Ni kipande kidogo sana cha madini ambacho hutoa mwanga umeme unapopita ndani yake kwa upande mmoja tu. Ukiunganisha kinyume, chanya mahali pa hasi, haiwaki.

LED nyekundu ya kwanza ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na Nick Holonyak, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric. Kwa miaka mingi zilikuwa taa za kuonyesha tu kwamba redio imewashwa. Mwanga wa bluu ulisumbua wataalamu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipofaulu. Bluu ilipopatikana, nyeupe pia ikapatikana, kwa kuipaka LED ya bluu unga maalumu wenye mwanga wa njano. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Taa za sola ambazo zimeondoa koroboi katika nyumba nyingi za Ukambani ni matunda ya kazi hiyo hiyo.

Sasa tuutazame mkanda wenyewe. LED moja nyeupe inahitaji kama volti 3. Betri ya gari ni volti 12. Kwa hiyo watengenezaji hupanga LED tatu kwa mstari mmoja, zikatumia karibu volti 9 na nusu, na volti zinazobaki huzuiliwa na kijiwe kidogo cheusi kiitwacho rezista. Hiyo ndiyo sababu mkanda wa volti 12 hukatwa kwa makasi kila baada ya LED tatu, mahali palipochorwa alama ya mstari. Ukikata penginepo, kile kipande kidogo kitakufa.

HESABU YA AMPEA

Msiogope hesabu hii. Ni rahisi kuliko hesabu ya merigoraundi.

Wati gawanya kwa volti, unapata ampea. Ampea ni kiasi cha umeme kinachopita katika waya, kama vile lita za maji yanayopita katika mpaipu.

Mikanda iko ya aina nyingi. Ile ya LED ndogo 60 kwa mita hutumia kama wati 4.8 kwa kila mita. Ile ya LED kubwa 60 kwa mita hutumia kama wati 14.4 kwa kila mita. Kwa kawaida huandikwa kwenye paketi. Basi:

Mkanda mdogo, mita 5: 4.8 mara 5 ni wati 24. Gawanya kwa 12, ni ampea 2.

Mkanda mkubwa, mita 5: 14.4 mara 5 ni wati 72. Gawanya kwa 12, ni ampea 6.

Ampea 2 zaonekana kidogo. Haya, tuseme dereva ameegesha gari Jumamosi saa 1 jioni na kusahau taa mpaka Jumapili saa 1 asubuhi. Ni saa 12. Ampea 2 mara saa 12 ni ampea-saa 24. Betri ya pikapu ya ampea-saa 50 imepoteza karibu nusu. Ikiwa ni mkanda mkubwa, ni ampea-saa 72, na betri hiyo imekwisha kabisa. Zaidi ya hayo, betri ya gari imetengenezwa kwa kazi ya kupiga starta, si ya kumalizwa polepole kama betri ya sola. Kila inapomalizwa namna hiyo, maisha yake hupungua.

Sasa fikirini usiku ule mama mwenye uchungu anapogonga dirisha, na gari linasema "tik, tik" tu.

KWA NINI FYUZI?

Hili ndilo jambo lenyewe. Watu wengi hudhani fyuzi huwekwa ili kulinda taa. Sivyo. Fyuzi huwekwa ili kulinda waya, na kwa hiyo kulinda gari na watu waliomo.

Taa zenu zinavuta ampea 2. Lakini betri hiyo hiyo ndiyo inayozungusha starta, ambayo huvuta zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache. Nguvu hiyo yote imo ndani yake ikingoja njia. Taa zikiwaka vizuri, hupita ampea 2 tu, kwa sababu taa zenyewe ndizo zinazoubana umeme. Ila siku waya wa chanya utakapogusa bodi kabla ya kufika kwenye taa, hakuna tena cha kuubana. Umeme wote wa betri hukimbilia katika waya mwembamba kama uzi wa kiatu. Waya huwa mwekundu, mpira wake huyeyuka, na pembeni yake pana sponji ya viti, plastiki na vitambaa.

Fyuzi ni kiungo dhaifu kilichowekwa makusudi. Umeme ukizidi kiasi, fyuzi hukatika kwanza, na mambo huishia hapo. Unanunua fyuzi nyingine kwa shilingi chache badala ya kununua gari jingine.

Kwa hiyo mahali pa fyuzi ni karibu na chanzo cha umeme, si karibu na taa. Ukitoa umeme kwenye betri, fyuzi iwe ndani ya shubiri moja kutoka kwenye betri. Ukiiweka mwisho wa waya, kule kwenye taa, waya wote wa katikati unabaki bila mlinzi.

Fyuzi za kisasa zina rangi, na rangi hizo ni zile zile duniani kote. Ya ampea 3 ni zambarau. Ya 5 ni kahawia nyepesi, kama khaki. Ya 10 ni nyekundu, ya 15 ni bluu, ya 20 ni njano, na ya 30 ni kijani. Kwa mita 2 za mkanda mdogo, fyuzi ya ampea 3 yatosha. Kwa mita 5 za mkanda mdogo, wekeni ya 5. Waya uwe wa milimita-mraba 0.75, ambao unabeba ampea hizo bila kupata joto.

Na tafadhali: fyuzi ikikatika, msiweke kubwa zaidi, wala msiizungushie karatasi ya sigara au kipande cha waya. Fyuzi inayokatika inawaambia kwamba kuna mahali pana kasoro. Kuinyamazisha ni kama kumfunga mdomo mbwa anayebweka usiku. Mwizi bado yuko.

KABLA YA KUNUNUA

Ulizeni maswali manne.

Kwanza, gari letu ni la volti ngapi? Pikapu, Probox na matatu za abiria 14 ni volti 12. Malori makubwa na mabasi mengi ni volti 24, yaani betri mbili zimeunganishwa. Mkanda wa volti 12 ukiunganishwa kwenye volti 24 utaungua. Nunueni wa volti 24. Wala msichukue umeme kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Betri hiyo itaishiwa peke yake huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na mwishowe zote mbili zitaharibika.

Pili, je, mkanda huu umetengenezwa kwa ajili ya magari? Injini ikinguruma, altaneta hupandisha volti hadi karibu 14.4. Kumbukeni zile LED tatu na rezista yake. Kwenye volti 12, rezista inashikilia kama volti 2 na nusu. Kwenye 14.4 inashikilia karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo umeme unaopita nao unaweza kukaribia mara mbili. Mkanda wa nyumbani hupata joto na kufa mapema. Mkanda wa gari umepimwa kwa volti hizo.

Tatu, tunahitaji mita ngapi kweli? Si lazima kutumia mita zote 5 kwa sababu tu zimenunuliwa. Nusu mita mlangoni na mita moja kwenye kisanduku cha mizigo zafanya kazi zaidi kuliko mita 5 chini ya dashibodi.

Nne, je, tumeweka katika bajeti fyuzi na nyumba yake, swichi, waya mzuri, mipira ya matundu na vibanio? Kama pesa hazitoshi kununua hivyo vyote, hazitoshi kununua taa.

HATUA ZA KUFUNGA

Ni vyema kazi hii ifanywe na fundi wa umeme wa magari, na mwanakikundi mmoja akae hapo akitazama hatua hizi.

1. Zimeni gari, toeni ufunguo, kisha fungueni waya wa hasi wa betri kwanza. Kwa nini hasi? Kwa sababu bodi yote ya gari ni hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bati, cheche zitaruka. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

2. Pimeni mahali, kisha kateni mkanda penye alama. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti. Gundi peke yake haitashinda jua la Ukambani, kwa hiyo ongezeni vibanio vidogo.

3. Pitisheni waya mbali na pedali, usukani, mpaipu wa mafuta na ekzosi. Msiguse kabisa nyaya zilizovikwa ganda la njano. Mara nyingi hizo ni za mifuko ya hewa ya kuokoa watu ajalini, na inaweza kulipuka ukiichezea.

4. Kila waya unapopita kwenye tundu la bati, wekeni mpira wa tundu. Halafu fungeni waya kila baada ya shubiri moja na nusu hivi ili usicheze. Mkifanya hatua hii vizuri, kisa cha pikapu yetu hakitawapata.

5. Waya wa hasi ufungwe kwa bolti kwenye bati tupu. Kwangueni rangi kwanza. Rangi haipitishi umeme, na taa zitakuwa zikififia na kuwaka.

6. Chanya kichukuliwe kwenye sanduku la fyuzi, mahali penye umeme wakati ufunguo umewashwa tu. Kipo kitawi kidogo cha kuchomeka humo chenye nafasi ya fyuzi ya ziada. Kwa njia hii, dereva akitoa ufunguo, taa zinazimika zenyewe, na betri iko salama hata akisahau. Msiunganishe kwenye waya wa taa za breki, za mbele, za ishara wala wa honi. Kasoro ya urembo isije ikazima breki zenu usiku.

7. Mpangilio uwe huu: chanzo, fyuzi, swichi, kisha mguu wa chanya wa mkanda. Mguu wa hasi uende kwenye bodi.

8. Maungio yafanywe kwa lehemu au kwa viungo vya kubana kwa koleo, yakafunikwa kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzizungushia nailoni si kuunganisha.

9. Toeni fyuzi mpya, rudisheni betri, kisha chomekeni fyuzi. Washeni taa nusu saa injini ikinguruma. Gusa nyaya kwa mgongo wa mkono. Waya wenye joto una kasoro. Kisha jaribuni breki, ishara, honi na taa kubwa, zote.

10. Choreni picha ya nyaya kwenye karatasi: zimetoka wapi, zimepita wapi, fyuzi iko wapi na ni ya ampea ngapi. Karatasi hiyo ikae kwenye faili ya gari. Fundi anaweza kuhama, lakini mchoro utabaki.

NDUGU ZETU WA BODABODA

Betri ya pikipiki ni ndogo sana, nyingi ni ampea-saa 5 hadi 9 hivi. Mita moja tu ya mkanda mdogo huvuta ampea 0.4. Kwa saa 12 ni ampea-saa 4.8, na betri ya 5 imekwisha. Kwa hiyo taa zipite kwenye ufunguo, na fyuzi iwe ya ampea 2 au 3.

Tena, katika pikipiki nyingine taa kubwa ya mbele haitumii umeme wa betri bali ule unaotoka moja kwa moja kwenye injini, unaopanda na kushuka kila unapozungusha mkono. Msiunganishe mkanda hapo. Chukueni upande wa betri. Na kwa kuwa mvua na matope huifikia pikipiki kuliko gari, nunueni mkanda uliofunikwa kwa silikoni na kuziba ncha zake zote mbili.

RANGI NA MAHALI

Kanuni za barabarani zinafuata lugha moja ambayo kila dereva anaijua: mbele ni nyeupe, nyuma ni nyekundu. Usiku huoni gari, unaona rangi tu, na kwa rangi unajua kama linakuja au linakwenda. Ukitia nyekundu mbele au nyeupe ya kuwaka daima nyuma, unamdanganya mwenzako, na kwenye barabara ya Mombasa mwenzako huyo pengine ni lori la mizigo mizito. Taa za bluu na nyekundu za kupepesa ni ishara ya polisi, ambulensi na zimamoto. Msiige.

Wakongwe watakumbuka jinsi matatu zilivyopoteza mapambo mengi mwaka 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika na kila matatu ikapigwa mstari wa njano. Baadaye mapambo yakarudi. Sasa ukaguzi wa magari uko chini ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na gari la biashara hukaguliwa kila mwaka. Kabla ya kutumia pesa za kikundi, mwulizeni mkaguzi, na kampuni yenu ya bima pia. Ni afadhali jibu la "hapana" ofisini kuliko barabarani.

Ndani ya gari, kumbukeni macho ya dereva. Macho huchukua dakika nyingi kuzoea giza, na mwanga mkali huyavuruga kwa sekunde moja. Isitoshe, ndani kukiwa na mwanga, kioo cha mbele hugeuka kama kioo cha kujitazamia. Dereva anaona uso wake badala ya kumwona punda barabarani. Taa zinazowekwa mbele ziwe hafifu na zitazame chini, au zizimwe gari likitembea.

Tukiulizwa sisi, tutasema anzeni na mahali panapofanya kazi. Taa ya mlangoni kwa wazee. Taa ya nyuma ya kupakia makreti jioni, yenye swichi yake, ya kuzimwa kabla ya kuondoka. Taa ndogo juu ya sanduku la huduma ya kwanza. Hayo pia ni urembo, na yanasaidia watu.

UKISIKIA HARUFU YA KUUNGUA

Usingoje kufika. Simama kando, zima injini, toa ufunguo, shusha watu wote upande ulio mbali na barabara. Kama moshi ni kidogo na betri inafikika, fungua waya wa hasi. Katika magari mengi ya Kijapani ni spana namba 10, kwa hiyo moja ikae ndani ya gari daima, pamoja na kizima-moto. Kama moshi ni mzito kutoka kwenye injini, usifungue boneti wazi. Hewa ikiingia, moto hupata nguvu. Ondokeni mbali. Gari litatafutwa jingine.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fyuzi ndiyo ufa wetu wa leo. Ni kitu kidogo ambacho hakuna abiria atakayekisifia, lakini ndicho kinacholinda kazi ya miaka mingi ya watu wengi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Someni makala hii kwa pamoja, kisha nendeni nje mkaliangalie gari au pikipiki yenu.

- Je, kuna waya wowote ulioongezwa tangu gari linunuliwe? Nani aliufunga, na fyuzi yake iko wapi?
- Kuna fyuzi iliyozungushiwa karatasi au waya? Itabadilishwa na nani, na lini?
- Nani katika kikundi, mbali na dereva, anajua kufungua betri? Je, akina mama na vijana wamefundishwa?
- Mtu akitaka kuongeza kitu kwenye gari, ruhusa inatolewa na nani? Imeandikwa katika kumbukumbu za mkutano?
- Gari likikosa kuwaka usiku wa leo na mgonjwa yuko mlangoni, tuna mpango gani wa pili?

Mkimaliza, mweka hazina aandike bei ya fyuzi, swichi na mipira ya matundu juu kabisa ya orodha ya manunuzi. Mkanda wa taa uandikwe mwisho.

Safari njema, na gari lenu liwake salama.